Imeli za miaka 12, natafutaje hati moja ya 2017 kwa terminali?

NyarakaDar

Wakuu habari zenu. Naombeni msaada maana hapa nimekwama kabisa.

Nafanya kazi ofisi ndogo ya uwakala wa forodha hapa Dar, tupo watu sita na mimi ndo nashika nyaraka. Imeli ya ofisi ni moja tangu tulipofungua, kila kitu kimepita humo humo, invoisi, bili za shehena, pakingi listi, makadirio ya kodi, risiti za malipo ya bandari, mteja anauliza mzigo umefika wapi, yote. Sasa hivi zipo imeli 94,000 na kitu, GB 31, na nafasi tuliyolipia kwenye seva inakaribia kujaa.

Sasa wiki iliyopita kaja mteja wa zamani anataka nakala ya hati za kontena lake la 2017. Nikaingia kwenye imeli kwa brauza nikaandika namba ya kontena nikabonyeza tafuta, inazunguka inazunguka, baadae inasema muda umeisha. Nikarudia mara tano. Mwisho nikaanza kufungua kurasa moja moja nikirudi nyuma mwaka kwa mwaka, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni, na hati yenyewe nikaikuta kwenye imeli ambayo kichwa chake kimeandikwa "FW: FW: docs". Hiyo ilikuwa hati moja tu. Forodha wana ukaguzi wao wa baada ya mzigo kutoka, wanaweza kudai hati za miaka mitano nyuma, siku wakiniletea barua ya kutaka hati thelathini kwa mpigo sijui nitaanzia wapi.

Nimesikia kuna watu wanashusha imeli zote kwenye kompyuta yao halafu wanatafuta kwa komandi na jibu linakuja hapo hapo. Laptopu yangu ni Windows 11, RAM GB 8, nimeweka Ubuntu kwa WSL (ile inayoendesha Linux ndani ya Windows). Komandi najua cd, ls, cp na grep (ya kutafuta neno ndani ya mafaili) kidogo. Nilijaribu kuchukua faili la Inbox la Thunderbird nikapiga grep "malipo", ikaniletea mistari 60 hivi wakati najua kabisa zipo mamia. Kwa nini inaruka zingine? Na njia ya uhakika ni ipi?

---

juakali_2

Mkuu shusha zote ziwe mafaili kisha grep -ri "namba" ~/barua basi, hakuna haja ya kuhangaika na maprogramu mengine. Hizo zilizorukwa labda zimeandikwa kwa herufi kubwa ndo maana hiyo -i ni muhimu.

---

mtu_wa_Pangani

NyarakaDar pole sana, nakuelewa maana nimepitia hiyo kazi ya kupekua kurasa, inachosha macho na roho.

Kwanza la grep, samahani juakali_2, lakini herufi kubwa sio shida kuu hapo. Imeli inavyohifadhiwa mara nyingi sio maandishi unayoyaona kwenye skrini. Programu nyingi zinafunga mwili wa imeli kwa base64 kabla ya kutuma, ukifungua faili lenyewe neno "malipo" utalikuta limeandikwa bWFsaXBv, na likianza sehemu nyingine ya mstari linageuka sura tena. Grep italijuaje hilo? Na hata zile zisizofungwa hivyo, kuna mtindo mwingine unakata mstari ukifika herufi 76 unaweka alama ya = mwishoni, kwa hiyo "kontena" inaweza kukatwa ikawa "kon=" mstari wa juu na "tena" mstari wa chini. Ndo maana umepata 60. Usiiamini grep kwa imeli, hasa kwa kazi ambayo kukosa hati moja ni hasara ya mteja.

Unachohitaji ni vitu viwili tofauti na ni vizuri usivichanganye. Kimoja kinashusha imeli, kingine kinatengeneza faharasa yake, kama ile ya nyuma ya kitabu, neno hili liko ukurasa huu na huu. Ukishakuwa na faharasa hutafuti tena ndani ya GB 31, unatafuta ndani ya faharasa tu, ndo maana jibu linakuja kabla hujatoa kidole kwenye Enta.

Kushusha natumia mbsync, kutafuta natumia notmuch. Notmuch ilianzishwa na Carl Worth mwaka 2009, chini yake inatumia maktaba inaitwa Xapian ndo inafanya kazi ya faharasa. Kinachonifanya niipende ni kwamba haihamishi wala haifuti imeli zako, inasoma tu na kuweka lebo kwenye daftari lake lenyewe. Kwa mtu anayeshika nyaraka za watu hilo ni jambo kubwa.

Kwenye Ubuntu:

`sudo apt install isync notmuch`

(mbsync inakuja ndani ya isync, usishangae jina.) Halafu andika faili ~/.mbsyncrc hivi, badilisha anwani uweke zenu (.siri.gpg ni faili la nywila yako lililofungwa kwa gpg):

```
IMAPAccount ofisi
Host mail.mfano.co.tz
User nyaraka@mfano.co.tz
PassCmd "gpg -q -d ~/.siri.gpg"
SSLType IMAPS

IMAPStore seva
Account ofisi

MaildirStore diski
Path ~/barua/
Inbox ~/barua/INBOX
SubFolders Verbatim

Channel ofisi
Far :seva:
Near :diski:
Patterns *
Create Near
Sync PullNew
SyncState *
```

Angalia sana huo mstari wa Sync PullNew. Maana yake vuta mpya tu kutoka kwenye seva, basi. Hairudishi chochote juu na mtu akifuta imeli kwenye seva kopi yako inabaki. Mifano mingi utakayoikuta mtandaoni imeandikwa Sync All, hiyo inaenda pande zote mbili, ukifuta huku inaweza kufuta na kule, kwa ghala la nyaraka hiyo usiiguse kabisa.

Kisha `mkdir -p ~/barua` na `mbsync ofisi`. GB 31 itachukua muda, mimi nilikuwa naiacha usiku. Intaneti ikikatika usiogope, rudia komandi ile ile inaendelea ilipoishia.

Ikimaliza, `notmuch setup`, itakuuliza jina, imeli yako na imeli zimehifadhiwa wapi, hapo taja ~/barua. Halafu:

```
notmuch config set new.ignore .mbsyncstate .uidvalidity
notmuch new
```

Ya kwanza inaiambia isihangaike na vifaili vya mbsync. Ya pili ndo inajenga faharasa. Mimi nina imeli kama laki na nusu, mara ya kwanza ilichukua karibu dakika arobaini kwenye laptopu ya zamani, baada ya hapo kila siku ni sekunde chache maana inaongeza mpya tu.

Na sasa namba ya kontena, hapa nisikilize vizuri. Namba ina herufi nne na tarakimu saba, ya saba ni ya kuhakikisha. Lakini watu hawaiandiki sawa, mmoja ataandika ABCU1234567, mwingine ABCU123456-7, meli nyingine wanaacha nafasi ABCU 123456-7. Ukitafuta umbo moja utakosa mengine. Kwa hiyo tafuta hivi:

`notmuch search 'ABCU123456* or "ABCU 123456"'`

Nyota mwishoni inabeba mawili ya kwanza, na maneno ndani ya alama za nukuu yanabeba la tatu. Alama moja moja za nje usizisahau, la sivyo terminali itakula za ndani. Na or ni lazima iwe or, "au" haiielewi.

Kupunguza kwa muda: `date:2017-03..2017-06`. Kwa kiambatisho: `attachment:pdf`, hii inatafuta kwenye jina la faili. Kwa mtumaji: `from:` ukifuatisha jina au kipande cha anwani. Unaviunganisha vyote kwenye mstari mmoja kwa kuacha nafasi tu.

---

Kilindini_Docs

Hamjambo ndugu zangu wa huko. Mimi niko Mombasa, kazi ni hii hii ya clearing, na ningependa kuongeza kuhusu mu, programu nyingine ya kutafuta imeli. Hiyo pia inatumia Xapian chini yake, imeandikwa na Dirk-Jan Binnema, na kwa Ubuntu unaipata kwa jina la maildir-utils. Inasoma folda ile ile ya ~/barua kwa hivyo unaweza kuwa nazo zote mbili bila zozote kugombana:

```
mu init --maildir=$HOME/barua
mu index
mu find size:5M.. date:2016..2018
```

Huo mstari wa mwisho unatoa imeli zote zenye uzito wa kuanzia MB 5, hapo ndipo utajua nafasi yenu ya seva imeliwa na nini. Sisi tulikuta picha za kontena zilizopigwa na simu, moja moja MB 8, zimefowadiwa mara nne nne kwa watu wale wale.

Lakini kitu nataka kukwambia NyarakaDar na sijaona kimetajwa, hizi programu mbili zote hazisomi ndani ya PDF. Zinajua jina la faili, zinasoma maandishi ya imeli, lakini bili ya shehena iliyoskaniwa na kuambatishwa hazioni kilichoandikwa humo. Na nyinyi mnajua mteja anaandika tu "please find attached", namba yote iko kwa karatasi. Mimi hiyo ilinifunza kwa uchungu, nilimwambia bosi hati haipo, kumbe ipo, ndani ya skani.

Tulichofanya ni kutoa viambatisho vyote mara moja, kila imeli na folda yake ndio majina yasigongane, kwa sababu kila mtu anaita faili lake scan001.pdf:

```
notmuch search --output=files 'attachment:pdf and date:2016..2018' |
while read -r f; do
  d="$HOME/nyaraka/$(basename "$f" | cut -d: -f1)"
  mkdir -p "$d"
  mu extract --save-attachments --target-dir="$d" "$f" </dev/null
done
```

Halafu zile PDF za skani unazipitisha kwa ocrmypdf ili ziwe na maandishi ya kusomeka:

`find ~/nyaraka -iname '*.pdf' -exec ocrmypdf --skip-text {} {} \;`

Hiyo --skip-text inaruka kurasa ambazo tayari zina maandishi. Ni kazi nzito, iwache usiku laptopu ikiwa kwa chaja. Baadaye `pdfgrep -ril ABCU123456 ~/nyaraka` na unaona ni faili gani. Jina la folda ni jina la faili la imeli kwa hivyo unarudi hadi imeli yenyewe bila shida. Skani mbaya, ile karatasi imekunjwa au mhuri umekaa juu ya namba, itakosea herufi, O inakuwa sifuri, kwa hivyo jaribu pia kutafuta kwa jina la meli au jina la mteja.

---

NyarakaDar

Asanteni sana jamani, sikutegemea msaada wa namna hii. Nimeanza jana usiku. Nimekwama sehemu moja, niliona diski C ina nafasi nikaweka barua kwenye /mnt/c/barua badala ya ~/barua, inashusha taratibu mno na majina ya mafaili yanatoka na alama za ajabu ajabu. Nifanyeje?

Na swali la pili, nikitafuta kwa Kiswahili naona inaleta pungufu. Nimejaribu kwenye folda ndogo ya majaribio, nikiandika lipa napata 11, nikiandika malipo napata 140, tumelipa napata 37. Ina maana kila neno nitafute peke yake?

---

mtu_wa_Pangani

La kwanza ni rahisi. Kila imeli ni faili moja, na mwisho wa jina lake zinakaa alama kama `:2,S` kuonyesha kwamba imesomwa. Windows haikubali nukta mbili kwenye jina la faili, ndo hayo majina ya ajabu unayoyaona. Futa hiyo, anza upya ndani ya ~/barua, yaani upande wa Ubuntu wenyewe, na kasi pia utaiona tofauti. Hilo hilo likumbuke ukitaka kuweka bakapu kwenye flashi au diski ya nje ya exFAT, ukikopi folda hivi hivi itagoma. Ifunge kwanza iwe faili moja, `tar czf barua.tar.gz ~/barua`, hilo linakaa kwenye exFAT bila shida.

La pili nimefurahi umeuliza, kwa sababu hili limenisumbua miaka. Xapian kwenye notmuch imefundishwa kukata maneno kwa Kiingereza. Kiingereza kinabadilika mkiani, ukiandika details au detailed yenyewe inakata mkia inabaki na detail, inaleta yote. Kiswahili chetu kinabadilika kichwani. Nitalipa, tumelipa, hawajalipa, amelipia, malipo, mzizi umejificha katikati na mwanzo wa neno unabadilika kila mtu anapoongea. Na nyota inakaa mwishoni mwa neno tu, kwa hiyo lip* itakupa lipa, lipia, lipeni, haitagusa hata moja yenye tu- au wa- mbele yake. Mzigo na mizigo kwake ni maneno mawili yasiyojuana kabisa, kontena na makontena vile vile.

Kwa kichwa cha imeli kuna njia ya mkato, inakubali ruwaza:

`notmuch search 'subject:/lip[aio]/'`

Hiyo inashika popote mzizi ulipo. Ila kwa mwili wa imeli haifanyi kazi. Kwa mwili mimi nafanya hivi, naiuliza faharasa yenyewe inijulishe ni maumbo gani ya neno hilo yamo kwenye imeli zangu. Weka xapian-tools kwa apt, halafu:

`xapian-delve -a -1 ~/barua/.notmuch/xapian | grep -E '^[a-z]*lip[aio][a-z]*$'`

Itakutolea orodha, kwangu ilikuja na maneno zaidi ya 200, alilipa, atakapolipa, hatujalipa, ilipaswa (hii sio yake, mzizi umefanana tu, toa), tulilipia, watalipana, mpaka na yale watu wamekosea kuandika, tumeripa na wenzake hayamo lakini "tumelipaa" ilikuwemo. Hapo unachagua unayoyataka unayaunganisha kwa or, unahifadhi kwenye faili la maandishi, na siku ukihitaji unaliita:

`notmuch search "date:2017 and ($(cat ~/maneno/lipa.txt))"`

Nimejitengenezea mafaili kumi na mawili ya hivyo, lipa, tuma, pokea, chelewa, haribika, mzigo na kadhalika. Ni kazi ya jioni moja. Natamani siku moja kuwe na kikataji cha maneno cha Kiswahili ndani ya Xapian yenyewe, maana tunaandikiana kwa lugha hii kila siku na tunastahili kutafuta kwa lugha hii. Kama kuna mtu humu anajua C++ na anajua ngeli zake vizuri, hiyo ni kazi ya heshima.

---

Kilindini_Docs

Hiyo ya xapian-delve sikuwa naijua, shukran sana. Leo leo naifanya.

NyarakaDar jambo moja tafadhali. Hiyo laptopu sasa itakuwa na siri za wateja wote wa miaka 12, TIN zao, pasipoti, bei za mizigo. Washa ufungaji wa diski nzima kabla hujaendelea. Huku tuna sheria ya data tangu 2019, na nyinyi mna ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, laptopu ikiibiwa kwa daladala ni nyinyi mtaulizwa.

---

NyarakaDar

Narudi kutoa mrejesho. Nimehamishia ~/barua, imeshuka yote kwa usiku tatu. Diski nimeifunga kwanza kama ulivyosema Kilindini, nimemwambia na bosi.

Nimejaribu kontena lile lile la mteja wa 2017. Nimepiga ile komandi ya nyota na nukuu, imeleta nyuzi nne, ya tatu ndo "FW: FW: docs" niliyoihangaikia siku nzima. Nilimwita mwenzangu wa mezani aje aone, akaniambia rudia, nikarudia mara tatu mbele yake. Na nyuzi moja kati ya hizo sikuiona kabisa siku ile, ilikuwa na risiti ya gharama za kuhifadhi mzigo ambayo mteja alikuwa anaiulizia na mimi nikamjibu hatuna. Nimempigia leo.

Lebo nazo nimeanza, `notmuch tag +mteja17 -- ABCU123456*`, naona zinashika. Swali la mwisho, kuna faili la .pst la bosi la imeli za kabla ya 2014 alipokuwa anatumia Outlook. Hilo linaweza kuingia humu humu? Na zile zitakazojirudia zitanichanganya?

---

mtu_wa_Pangani

Linaingia. `sudo apt install pst-utils`, kisha `mkdir -p ~/barua/zamani` na `readpst -e -o ~/barua/zamani bosi.pst`, litatawanyika liwe faili moja kwa kila imeli, halafu `notmuch new` kama kawaida. Zinazojirudia usiwe na wasiwasi, inatazama Message-ID, yaani kitambulisho cha kila imeli, zikifanana inahesabu ni imeli moja yenye mafaili mawili.

Na hizo lebo, kila Ijumaa piga `notmuch dump > lebo.txt` uiweke pamoja na bakapu. Faharasa ikiharibika unaijenga upya kutoka kwenye imeli, lakini lebo ulizoweka kwa mkono wako haziko mahali pengine popote.